Kyala, Roho na Kweli: Maneno ya Imani ya Madhehebu ya Kikristo katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo milima ya Livingstone yashuka ghafula hata majini, lipo pango ambalo Wanyakyusa wa zamani waliliita Palikyala. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hahitaji mfasiri wa jina hili: pa- ya mahali, -li ya kuwapo, na jina lenyewe, maana yake ni "alipo Kyala". Hapo watambikaji walipeleka sadaka zao. Si mbali na hapo, katika rasi ya Ikombe, wamisionari wa Berlin walijenga kituo chao katika miaka ya 1890, na ndani ya kituo hicho jina lile lile la Kyala likaanza kutamkwa kwa maana ya Mungu Baba, Muumba wa mbingu na nchi. Kwa muda wa kizazi kizima jina moja lilikuwa na makao mawili katika mwambao mmoja, moja chini ya mwamba na moja juu mbinguni, na mtu aliyesema "Kyala" ilimpasa msikilizaji wake kujua kwanza anatoka upande gani.

Habari hii ndogo yatosha kuonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Watu hudhani kwamba madhehebu hutofautiana kwa sababu kila moja limeleta mafundisho yake na maneno yake. Katika nchi ya Kyela na kando zake mambo hayakuwa hivyo. Huko madhehebu yaligombana kwa maneno yale yale, na ugomvi wao mkubwa juu ya kweli hauonekani katika msamiati ila kwa nadra. Waonekana zaidi katika ndoa, katika ubatizo, na, ajabu kidogo, katika upatanisho wa ngeli.

Wamisionari wa kwanza wa Kijerumani walifika katika mwaka 1891, makundi mawili karibu kwa wakati mmoja, wakipitia njia ya mito ya Zambezi na Shire na kisha ziwa lenyewe. La kwanza lilikuwa la Misioni ya Berlin, likiongozwa na Alexander Merensky, mzee aliyekwisha kufanya kazi Afrika ya Kusini miaka mingi. La pili lilikuwa la Wamoravian wa Herrnhut, na Theodor Meyer akiwa mmoja wao. Waligawana nchi kwa mapatano: Wamoravian upande wa magharibi, watu wa Berlin upande wa mashariki. Rungwe ilianzishwa mwaka ule ule wa 1891; katika mwaka 1894 Wamoravian wakashuka bondeni na kujenga Ipyana, katika nchi ambayo leo ni ya Kyela, na pia Rutenganio, juu kidogo. Masikioni mwa Mnyakyusa majina haya mawili ni neema na amani.

Yafaa kukumbuka kwamba makundi haya mawili, ingawa yote yalikuwa ya Kiprotestanti na ya Kijerumani, hayakuielewa kweli ya dini kwa namna moja. Kwa Mlutheri wa Berlin kweli ilikuwa imeandikwa katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Mtu aliweza kuulizwa vifungu vyake, akajibu sawa au akajibu makosa. Wamoravian walijihesabu kuwa warithi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415, na wa uamsho wa Herrnhut wa mwaka 1727. Kwao kweli ilijulikana kwanza moyoni, katika kumpenda Mwokozi, na ungamo lilikuja nyuma yake. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Songwe, walikuwapo Waskoti wa Misioni ya Livingstonia huko Karonga, Wapresbiteri, waliolelewa kwa Ungamo la Westminster la karne ya 17 na kwa baraza la wazee linalosikiliza mashauri ya washiriki kama vile mahakama. Haya ni mawazo matatu juu ya kweli: kweli ya maandiko ya ungamo, kweli ya moyo, na kweli inayothibitishwa mbele ya baraza. Yote matatu yaliingia katika lugha moja.

Lugha hiyo Wajerumani waliiita Kikonde. Carl Schumann wa Misioni ya Berlin alitoa sarufi yake katika mwaka 1899, na Carl Meinhof akaitumia lugha hiyo kuwa mojawapo ya nguzo za kazi yake kubwa juu ya sauti za lugha za Kibantu, iliyotoka mwaka huo huo. Agano Jipya lilipochapishwa mwaka 1908 lilikuwa la wote, Wamoravian kwa Walutheri. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Misioni mbili zilizotofautiana juu ya sakramenti na juu ya mamlaka ya kanisa zilijifunga kwa kitabu kimoja, na kila dhehebu lililokuja baadaye, hata lile lililokuja kuzipinga, lilikuta msamiati umekwisha kuwekwa.

Maneno yaliyochaguliwa yalikuwa ya nchi yenyewe. Imani iliitwa ulwitiko, kutoka katika kitenzi itika, yaani kukubali, kuitikia neno la mwenzio. Mswahili huitika anapoitwa. Mnyakyusa huitika na kwa kitendo hicho huwa mwamini. Ni tofauti kubwa na amini ya Kiswahili, neno la asili ya Kiarabu lenye harufu ya usalama na amana. Aliye na imani amekabidhiwa kitu. Aliye na ulwitiko amejibu. Vivyo hivyo dhambi ilitafutiwa jina katika inongwa, neno linalotaja kosa na shauri linalotokana nalo baina ya watu. Katika Kiswahili nongwa imebaki kuwa kinyongo tu na ugomvi mdogo. Katika Kinyakyusa ilipandishwa cheo ikabeba anguko la Adamu. Mwenye haki aliitwa kwa neno la unyofu, golofu, kama mti au njia isiyopinda.

Neno lenye historia ya ajabu kupita yote ni kitenzi syuka. Abasyuka ni wazimu, yaani wafu wa ukoo waliomo chini ya ardhi, wale ambao wazee waliwataja kwa hofu na heshima wakati wa matambiko ya mazishi. Wafasiri walipohitaji neno la kufufuka walilikuta hapo hapo. Basi Mkristo wa kwanza wa Ipyana aliyesikia kwamba Kristo amefufuka alisikia ndani ya neno hilo sauti ya wafu wake mwenyewe. Je, huo ulikuwa upungufu wa tafsiri? Ni vigumu kukubali hivyo. Mgiriki naye aliposikia habari za ufufuo alisikia kitenzi cha mtu anayesimama kutoka kitandani. Hakuna lugha iliyotunza neno safi, lisilotumika, ikilingojea Injili.

Juu ya jina la Kyala wataalamu wameachana sana. Duncan R. Mackenzie, Mskoti wa Karonga, katika kitabu chake cha mwaka 1925 alimwona Kyala kuwa Mungu mkuu tangu zamani, na akaandika kwamba watu walilitumia jina hilo kwa kila kitu kilicho kikubwa mno katika aina yake, kama vile fahali mkubwa au mti mkubwa kupita kiasi. Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hiyo pamoja na mumewe Godfrey kati ya miaka 1934 na 1938, alifikia neno jingine. Katika kitabu chake cha matambiko ya jumuiya, kilichotoka mwaka 1959, alieleza kwamba Kyala alikuwa shujaa mmoja miongoni mwa mashujaa, mwenzi wa Lwembe aliyetambikiwa Lubaga, na makao yake yalikuwa chini. Tena kwamba wazo la Muumba aliye juu limekuzwa na mahubiri ya wamisionari wenyewe.

Hoja ya Wilson ina nguvu, kwa kuwa pango la Palikyala halikuwa la kubuniwa. Hata hivyo matumizi aliyoyaandika Mackenzie hayaelezeki vizuri kama Kyala alikuwa babu fulani tu. Mtu haiti fahali mkubwa kwa jina la babu wa jirani. Yaelekea jina hilo lilikuwa na upana tangu awali, upana wa kitu kinachoshangaza na kutisha, na wamisionari waliushika upana huo wakauinua juu. Mbasi hakupata bahati hiyo. Naye alikuwa miongoni mwa wakubwa wa matambiko, lakini wageni wa kwanza walimsikia akitajwa kwa hofu, wakamweka upande wa Shetani, na huko akabaki. Majina mawili ya nchi moja yaliwekwa mizanini: moja likapanda, moja likashuka. Mizani ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa na miaka michache tu nchini.

Ni vema kutazama majirani pia. Milimani, kwa Wakinga na Wabena, misioni ile ile ya Berlin ilitumia Nguluvi au Nguluve. Kusini, katika Kitumbuka, Waskoti walimwita Mungu Chiuta. Kiswahili kilikuwa na Mungu, ndugu wa Mulungu wa lugha nyingi za mashariki. Msafiri wa siku chache angeweza kuvuka majina manne bila kutoka katika dini moja.

Vita ya 1914 hata 1918 ilivunja mpango wa Wajerumani. Katika mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, na wamisionari wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia wakavuka Songwe kuangalia makanisa yaliyoachwa, mpaka Wajerumani waliporejea katikati ya miaka ya 1920. Miaka hiyo ilikuwa michache, lakini iliwazoesha watu kupita kutoka kanisa moja hadi jingine bila kubadili Kitabu wala jina la Mungu; na njia ile ile iliyowaleta Waskoti iliwaleta na wapinzani wao. Watu wa Watch Tower, ambao mbegu yao ilipandwa katika Nyasaland na Elliot Kamwana katika miaka 1908 na 1909, walionekana katika nyanda za kusini za Tanganyika mara baada ya vita. Kisha yakaja makanisa ya Waafrika wenyewe: Last Church of God and His Christ la Jordan Msumba, na African National Church lililoanzishwa na watu waliotoka katika Kanisa la Waskoti.

Shauri kubwa la makanisa haya lilikuwa ndoa. Misioni zilimkataa meza ya Bwana mume wa wake wengi. Katika nchi ambayo heshima ya mwanamume, shamba lake na ukarimu wake vilitegemea wake, hii ilikuwa sawa na kuwafungia mlango wakubwa wote wa kijiji. African National Church liliwafungulia. Halikutunga maneno mapya wala halikutafuta Biblia nyingine. Viongozi wake walikuwa wanafunzi wa shule za misioni. Walisoma habari za Ibrahimu na Yakobo kwa maneno ya wafasiri wale wale, wakauliza ni wapi palipoandikwa kwamba kweli ya Mungu yamtaka mume awafukuze wake zake na watoto wao. Jibu la misioni lilitoka katika desturi ya kanisa na katika maana ya Agano Jipya lote. Swali lao lilitoka katika maandiko waziwazi. Mprotestanti aliyefundishwa kwamba maandiko pekee ndiyo kipimo alikuwa katika hali ngumu kidogo kulijibu. Si haki kuwahesabu watu hawa kuwa watafuta starehe tu, kama wengine walivyowahesabu, maana waliishika kanuni ya walimu wao kwa uthabiti kupita walimu.

Ubatizo ulizua mgogoro wa namna nyingine, na hapo neno lenyewe lilihusika. Katika Kinyakyusa kubatiza ni osya, kuogesha. Kitenzi hiki hakisemi maji yawe kiasi gani. Mlutheri na Mmoravian walimwaga maji kichwani wakaona neno limetimia. Watch Tower walizamisha watu mtoni, na baadaye Wapentekoste, pamoja na Wabaptisti waliofika Tanganyika mwaka 1956, walifanya vivyo hivyo. Hawa nao walikuwa na hoja ya mwenye nyumba: mtoto aliyemwagiwa maji kichwani hasemwi kwamba ameogeshwa. Katika Kiswahili hoja hii haiwezekani, kwa sababu batiza ni neno la Kiyunani lisilo na mzizi katika lugha, na mtu asiyejua Kiyunani halihoji. Neno la kigeni lina faida yake kwa mwenye kutaka amani.

Kiswahili kilikawia kuingia kanisani. Misioni za Kijerumani za nyanda za kusini zilipendelea lugha ya mama, na wengi wao walikiona Kiswahili kuwa lugha ya pwani yenye Uislamu ndani yake. Wasiwasi huo ndio uliomwongoza Karl Roehl, ambaye Biblia yake nzima ilitoka Stuttgart mwaka 1937, ikipunguza maneno ya Kiarabu kadiri alivyoweza na kuweka mahali pake maneno ya Kibantu. Biblia ya Union ya mwaka 1952 haikuufuata ukali huo. Iliyakubali dhambi, imani, haki, sala na roho kuwa maneno ya Waswahili wote, na wakati ukathibitisha busara yake. Wakatoliki, ambao utawala wao wa kanisa ulisimikwa Tukuyu na kisha Mbeya katika miaka ya 1930 na 1940, walileta misa, komunyo, ekaristi na rozari kutoka Kilatini na lugha ndugu zake, lakini hata toharani yao ni ya mzizi wa Kiarabu. Mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hata 1965, maneno matakatifu ya misa yalisomwa kwa Kilatini; Mkatoliki wa Kyela aliipokea kweli katika ibada isiyohitaji kufasiriwa ili iwe halali.

Sasa kuhusu roho. Kinyakyusa kina imbepo, neno linalotaja upepo na baridi, nalo likapewa kazi ya Roho wa Mungu, kama vile Kiebrania na Kiyunani vinavyotumia neno moja kwa upepo na kwa roho. Mswahili ana ndugu wa neno hilo hilo, upepo na pepo, lakini Kiswahili kilikwisha kulipa pepo kazi ya mashetani wanaopunga, na kwa hiyo ikabidi roho litoke kwa Waarabu. Mtu wa Kyela anayesali kwa lugha mbili humwomba asubuhi kwa jina la imbepo, na jioni hukemea mapepo kwa neno la mzizi ule ule.

Roho katika Kiswahili ni jina la ngeli ya N. Sarufi ya kawaida yataka isemwe roho takatifu, kama nyumba takatifu. Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wamoravian na Wapentekoste, ambao katika mambo mengi hawapatani, wote kwa umoja wameikiuka sarufi hiyo na kusema Roho Mtakatifu, kwa upatanisho wa ngeli ya mtu. Kiambishi m- kinabeba mafundisho ya mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381: Roho ni Nafsi. Mashahidi wa Yehova, warithi wa Watch Tower wa awali, hawaukubali Utatu; kwao roho ni nguvu ya Mungu itendayo kazi. Vitabu vyao vya Kiswahili huandika roho takatifu. Msikilizaji anayesimama nje ya dirisha hahitaji kungoja hotuba imalizike. Silabi moja inamwambia yuko penye nyumba ya nani. Ni nadra katika historia ya dini kwa upatanisho wa kivumishi kuwa ungamo la imani, na wanasarufi hawana budi kuiweka habari hii katika vitabu vyao pamoja na mifano ya kawaida ya viumbe vyenye uhai.

Kweli yenyewe imebaki ya mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Mnyakyusa huthibitisha jambo kwa kusema nalooli, hakika, ndivyo lilivyo. Jina linalotokana nalo, ubwanalooli, yafaa litazamwe kwa makini: ndani yake mna ubwa, kiunganishi cha ngeli ya bu-, ambayo ni ngeli ya hali na dhana, basi tafsiri yake neno kwa neno ni "hali ya ndivyo". Kweli hapa ni kuwapo kwa jambo lenyewe. Msemaji hulishuhudia tu. Kiswahili kina kweli na ukweli. Biblia ya Union yashika kweli bila u-, hata pale Kristo anapojiita kwa neno hilo katika Injili ya Yohana. Biblia ya Habari Njema, iliyotayarishwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, imeweka ukweli. Wapo wanaosema ni mtindo tu. Lakini ukweli katika matumizi ya leo ni neno la mahakama na la gazeti, ukweli wa habari uliochunguzwa. Kweli ilikuwa kitu ambacho mtu aweza kukaa ndani yake. Mashahidi wa Yehova wamelitunza neno la zamani kwa maana hiyo hasa: mtu wao yumo "katika kweli", au ameiacha kweli. Kweli yao ni jumla ya mafundisho na pia mpaka wa jumuiya.

Karibu na hayo lipo neno haki, ambalo kwa Kiarabu hubeba kweli na stahili pamoja. Mlutheri wa Matema anapofundishwa kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, lugha yake ya Kiswahili inamwonyesha hesabu na daftari. Lugha ya mama inamwonyesha kitu kilichopinda kikinyoshwa. Picha ya pili iko karibu na mafundisho ya Kikatoliki, kwamba neema humbadili mtu ndani, kuliko Walutheri wa karne ya 16 ambavyo wangependa. Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, wanatheolojia wa Ulaya walilitaja kuwa daraja juu ya ufa wa karne karibu tano. Wakristo wa mwambao, kwa kutumia golofu, walikuwa wameishi juu ya daraja la namna hiyo tangu mwaka 1908.

Mtaalamu wa kesho akitaka kuona msamiati huu ukiwa hai asiutafute katika mahubiri, ambayo mengi mijini sasa ni ya Kiswahili, ingawa Biblia nzima ya Kinyakyusa ilipatikana katika miaka ya 1990. Autafute katika daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Kyela. Humo atawakuta Ipyana na Lutengano, Lugano ambaye ni upendo, Lusekelo ambaye ni furaha, Lusubilo ambaye ni tumaini, Lusajo ambaye ni baraka, Lwitiko, na Mpoki, yaani mwokozi. Katika orodha hiyo hawezi kujua ni mtoto yupi aliyebatizwa kwa maji ya kumwagiwa, yupi atakayezamishwa ziwani akikua, na yupi ambaye wazazi wake husema roho takatifu.